Siku Tulipolitafuta Ziwa Lilongwe

Ninyi vijana wa siku hizi mnaamka, mnanawa uso, mnaniambia mimi bibi yenu, "Koko, tunafika Lilongwe mara moja," na kabla sijauliza mnafuata nini mmeshaondoka. Simu inawaongoza mpaka mlangoni kwa mtu. Jioni mmerudi na viatu vipya na harufu ya chipsi. Siwaonei wivu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba zamani kumpeleka mtu mjini na kumrudisha siku ileile ilikuwa kazi kamili, kazi ya kufundishwa, na mimi niliifanya mpaka magoti yaliponistaafisha. Pensheni yangu ni ninyi kunicheka, basi nichekeni vizuri leo maana nitawaeleza.

Waliniita Mama Voyage. Jina hilo sikulipata hapa kambini Dzaleka, nililipata Uvira, nilipokuwa napeleka watu Bujumbura. Kwa mliozaliwa huku: Uvira ni kwetu Kongo, Bujumbura ni Burundi, mji mkubwa, na katikati kuna mpaka na mto Rusizi. Si mbali. Lakini kwenda, kumaliza shughuli na kurudi kabla mpaka haujafungwa, hapo ndipo watu walipokuwa wananitafuta. Nilipeleka mafundi cherehani waliohitaji vitambaa, maharusi, wagonjwa, na kinamama wa kwaya waliotaka sare ya rangi moja kisha wakagombana sokoni rangi ipi.

Aliyenifundisha ni Da Faida, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyosikika soko zima. Yeye safari alikuwa anaipanga kuanzia mkiani. Hakumuuliza mteja ataondoka wakati gani, alimuuliza, "Utarudi na nini?" Maana anayerudi na chupa ya dawa na anayerudi na robota la vitambaa hawarudi kwa gari moja. Mimi mwanzoni nilijiona mwerevu, nikawa napanga kuanzia mbele kama watu wengine. Siku moja nikajikuta mpakani na bibi harusi, masufuria yake, kitanda cha chuma na mwenye pikipiki moja tu anayetutazama kwa huruma. Masufuria tulirudi nayo kichwani. Kitanda tulikiacha kwa shemeji wa mwenye pikipiki, na mpaka leo sijui kililaliwa na nani.

Halafu kulikuwa na mambo ya vitenge. Kinamama walivuka navyo mwilini ili wasitozwe ushuru. Unavaa kimoja, juu yake kingine, juu yake kingine, unamalizia na blauzi pana, unapita mpakani umenenepa ghafla. Mteja wangu mmoja alijifunga vingi mpaka akashindwa kuinama. Ofisa wa forodha akamwonea huruma, akamletea kiti, akawaambia watu wote wampishe mama mjamzito. Yule mama alichanganyikiwa, akamwambia ni mapacha. Wiki iliyofuata tukapita tena, yeye mwembamba kama kawaida yake, na ofisa akamuuliza kwa furaha hali ya watoto. Akajibu wako kwa koko yao, wanaendelea vizuri.

Lakini somo kubwa la Da Faida lilikuwa ziwa. Kwenda Bujumbura, ziwa liko mkono wa kuume. Kurudi, liko mkono wa kushoto. Ukipotea mjini, usimuulize mtu mtaa, maana kila mtu ana jina lake la mtaa. Uliza ziwa. Shuka mpaka ulione, ligeuzie mgongo, soko liko mbele yako na milima iko nyuma ya soko. Sisi watu wa kule hata hatukuwa na kushoto na kulia. Tulikuwa na chini, yaani upande wa ziwa, na juu, yaani upande wa milima. Mama yangu mzazi alikuwa anatuambia mezani, sogeza sahani upande wa ziwa, na kila mtoto alijua.

Vita sitaieleza. Wapo wanaoieleza vizuri kuliko mimi, na wapo walioiona zaidi wasiotaka kuitaja, niwaheshimu. Niseme tu kwamba ile ya kwanza tuliivumilia, ile ya pili ikatuondoa. Tulivuka ziwa, tukapita Tanzania, tukaishia hapa.

Sasa hapa ndipo kichwa changu kilipovurugika. Malawi ina ziwa kubwa kabisa, lakini sisi tuliwekwa mahali ambapo hulioni hata ukipanda juu ya paa. Miezi ya mwanzo nililala bila kujua kichwa changu kimeelekea wapi. Nilikuwa natoka kuchota maji, nyumba zote za udongo zinafanana, nahesabu milango, napotea. Mara moja niliingia nyumbani, nikatua ndoo, nikakuta familia ya Warundi inakula. Nikajisemea, hawa wageni wamefika lini? Nikawasalimia, nikawakaribisha, nikakaa nikala nao. Nimeshanawa mikono ndipo nikaona kwamba ukutani kuna picha ya harusi isiyo yangu. Wale watu hawakunisema neno. Baba yao alinisindikiza na ndoo yangu mpaka kwangu, na tangu siku hiyo kila akinikuta bombani ananiuliza kama nakumbuka njia.

Jirani yangu wa kweli, wa mlango wa pili, alikuwa Mama Mugisho. Alikuwa mtu wa Bukavu, wa Kadutu, amesoma, Kifaransa kinamtoka kwa urahisi, na alikuwa anashona nguo kwenye kibaraza chake. Watu wa Bukavu na watu wa Uvira mnajua tunavyotaniana. Yeye aliniambia sisi wa Uvira tunanuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, mimi nikamwambia wao wa Bukavu wanakula Kifaransa wakashiba. Tulipendana.

Mugisho ni mtoto wake wa kwanza. Alimpoteza katika vita ya kwanza, barabarani wakikimbia, msongamano wa watu ulipogawanyika mara mbili. Yeye alisukumwa na kundi hili, mtoto akachukuliwa na kundi lile, na hakumwona tena. Na ninyi mnajua desturi yetu, mama anaitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Kwa hiyo kila asubuhi kambi nzima ilipita kwenye kibaraza chake ikimtajia yule mtoto. Mama Mugisho, umeamkaje. Mama Mugisho, suruali yangu iko tayari. Aliitika miaka yote hiyo. Mimi ningekuwa yeye ningebadilisha jina, lakini siku moja nilipomdokezea hivyo alikasirika, akakaa wiki nzima bila kunitania.

Jumanne moja alifika mwimbaji wa kwaya kutoka Lilongwe. Alisema kuna kijana anakaa Kauma, mtaa wa pembeni ya jiji, kwa fundi cherehani mmoja wa Fizi, kwetu Kongo, anayeitwa Papa Asukulu. Anajiita Mugisho, wa Kadutu, na mama yake ni Nabintu, jina la Mama Mugisho mwenyewe. Papa Asukulu alikuwa ametuma neno Dzaleka kwa kila aliyekuwa anakuja, na huyu ndiye wa kwanza kumfikia Mama Mugisho. Ila Alhamisi mchana yule kijana alitarajiwa kupanda lori kwenda Afrika Kusini.

Mama Mugisho alikuja kwangu na sindano bado imechomekwa kwenye blauzi.

"Mama Voyage," alisema, "bantu banasema we njo unajua kupeleka muntu mu mji na kumurudisha."

"Banasema kweli."

"Lilongwe unaijua?"

Nilikuwa nimeipita mara moja tu, nikiwa nyuma ya lori, nimelala usingizi.

"Mji ni mji," nilisema.

"Kama hatumukute Alhamisi, mi simuone tena. Unanisikia? Kule banaenda, habarudi. Na hakuna simu, hakuna adresse, hakuna kitu."

"Nakusikia. Utarudi na nini?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Na mtoto yangu," alisema.

Tukapanga. Nilichora kwa mkaa sakafuni, kama Da Faida alivyonizoesha. Ruhusa ya kutoka kambini ya siku moja. Kabaza, yaani baiskeli ya kubeba watu, mpaka barabara kubwa. Kutoka hapo matola, pikapu inayopakia abiria nyuma. Tushuke City Centre. Hapo hatukubishana hata kidogo. Mtu yeyote wa kwetu anajua centre-ville ni nini: ni soko, ni magari, ni kelele, ni mahali ambapo kila mtu anapita. Sokoni kuna mafundi cherehani, miongoni mwa mafundi lazima kuna Wakongo, na fundi Mkongo atamjua mwenzake wa Kauma. Kufika saa za kunywa chai tumeshampata mtoto. Mama Mugisho aliinama juu ya mchoro, akakubali kwa kichwa. "Centre-ville, bien sûr," alisema, na mimi nikajiona nimekuwa Da Faida.

Jumatano yote iliishia kwenye foleni ya ruhusa, na usiku alipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, chakula alichokipenda mtoto, akaifunga sufuria kwa kitambaa.

Alhamisi asubuhi kila kitu kilikwenda sawa, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Matola ikatushusha City Centre. Nikashika sufuria, nikasubiri jiji lifike.

Halikufika. Palikuwa na miti. Palikuwa na majani yaliyokatwa vizuri, jengo la benki, kisha miti mingine, kisha jengo lingine huko mbali, limesimama peke yake kama lililotengwa na wenzake. Watu wenye tai walikuwa wanatembea bila kupiga kelele. Hapakuwa na mtu mmoja aliyekuwa anauza hata nyanya.

"Mama Voyage," alisema Mama Mugisho polepole, "bantu ya hii mji biko wapi?"

Nilimwendea askari wa mlango wa benki. Nilikuwa na maneno machache ya Kichewa, mengine nikayajaza kwa Kiswahili na mikono. Nikamuuliza soko, msika, uko wapi. Akasema msika uko Town. Nikamwambia, ndiyo, hii town, msika wake uko wapi? Akasema hapa si Town, hapa ni City Centre. Nikamuuliza City Centre si katikati ya Town? "Ayi," alisema, akatikisa kichwa kwa upole, Town iko kule, mbali, ng'ambo ya mto. Nikamgeukia Mama Mugisho.

"Anasema katikati ya mji haiko mu mji."

"Haiwezekane. Uliza tena."

Nikauliza tena. Jibu likawa lilelile. Nikauliza Kauma. Yule askari akaonyesha huku. Mwenzake wa geti la jirani, aliyekuwa anatusikiliza, akasema hapana, njia nzuri ni ya kule. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na sisi tukabaki tumesimama na sufuria. Nilizunguka mahali pale nilipokuwa nimesimama ili nitafute mlima. Niliona kilima kimoja na ofisi za serikali juu yake, wanapaita Capital Hill, lakini mlima bila ziwa ni nusu ya dira. Mama Mugisho naye alikuwa anageuka geuka. Kumbe sote wawili tulikuwa tunatafuta kitu kimoja. Yeye alikulia juu ya ziwa Kivu, mimi chini kwenye Tanganyika, na kwa mara ya kwanza Bukavu na Uvira walikuwa na wazo moja.

"Uliza ziwa kwanza," alisema. "Tukijua ziwa iko wapi, ile ingine yote itajipanga."

"Njo nilikuwa nafikiri."

Ziwa kwa Kichewa ni nyanja, hilo nililijua. Alikuwa anapita bwana mmoja mwenye tai ya bluu, uso wa ukarimu. Nikapiga goti kidogo kama wanawake wa huku wanavyofanya, nikamsalimia, nikamuuliza, "Nyanja iko wapi?"

"Nyanja?" Alitutazama. Akaitazama sufuria. "Ku nyanja?"

"Ee! Nyanja!" tulisema kwa pamoja.

Uso wake ukang'aa. Nafikiri hajawahi kuona wanawake wawili wanaolitamani ziwa la nchi yake kiasi kile. Alichukua sufuria akaibeba mwenyewe, na tai yake, akatupeleka mpaka mahali minibasi zinaposimama, akazungumza na kondakta, akahakikisha tumekaa dirishani, akabaki anatupungia mkono mpaka tukapinda. Nimesaidiwa na watu wengi maishani. Sijawahi kusaidiwa kwa moyo kama ule kwenda nisikokutaka.

Ndani ya gari Mama Mugisho alitulia. "Unaona? Tunashuka," aliniambia. "Nasikia mu tumbo kama tunashuka." Mimi pia nilisikia tunashuka. Nyumba zikaanza kuachana. Kukawa na mahindi. Halafu mahindi mengine.

"Hii mahindi ni ya nani, katikati ya mji?"

"Labda ni ya bakubwa," nilisema. Niliamini.

Mahindi hayakwisha. Nikamgusa kondakta begani, nikamuuliza ziwa liko karibu? Alicheka, akasema Salima, amayi, Salima, akanyoosha mkono mbele, akaendelea kuunyoosha ili nielewe. Ilikuwa ni nchi nzima mbele yetu kabla ya maji. Mama Mugisho alisimama ndani ya gari linalokwenda.

"Simamisha! Mi naenda ku mtoto yangu, siende ku samaki!"

Walitushusha pembeni ya barabara. Jua lilikuwa limeshapanda. Gari liliondoka, vumbi likatulia, na hapakuwa na sauti nyingine ila mahindi.

"We njo ulisema mji ni mji," alisema.

"Nilisema."

"Na hii ni mji?"

"Hii ni mahindi."

Hakucheka. Alikuwa anafikiria lile lori, kamiyo kwa lugha yetu. "Kama kamiyo ikienda na ye, Mama Voyage, sitakusamehe. Hata mbinguni nitapita kama sikukuone." Na mimi niliona ni haki yake. Niliogopa. Nilikuwa nimepeleka watu mjini nusu ya maisha yangu, na pale nilisimama kama mtoto aliyeamshwa usingizini, sijui nianzie wapi.

Kazi zote za kuongoza watu zina jambo moja ambalo hakuna anayekufundisha: ukishapotea kabisa, kaa karibu na anayeuza chakula. Mwenye chakula anajua watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Hatua chache mbele alikuwepo mama anayeuza mandasi. Safari hii sikumuuliza ziwa wala centre. Nilimsalimia kwanza, muli bwanji, nikasubiri anijibu, nikamwambia neno moja tu, Kauma. Akasema tumeipita nyuma kule. Aliwaita waendesha kabaza wawili waliokuwa wamekaa kivulini, akawaeleza, akawasisitizia mara mbili kwa sababu aliona sura ya mwenzangu.

Wale vijana walipiga pedali kama wanashindana. Mimi nilipakata sufuria, na mchuzi wa sombe ulikuwa unanishukia mguuni. Mama Mugisho alikuwa mbele, ameshika kiti kwa mikono yote, hageuki.

Kauma tulizungushwa. Tukisema Kongo, watoto wanatupeleka kwa kinyozi, kumbe ni Mrundi. Tukisema fundi, tunapelekwa kwa fundi wa redio. Mwisho nikasikia cherehani ya miguu na mtu anaimba pambio la kwetu akikosea palepale ambapo watu wa Fizi huwa wanakosea. Alikuwa mzee mwenye futi ya kupimia shingoni. Papa Asukulu.

Kabla sijafungua mdomo kumsalimia, Mama Mugisho alimfikia.

"Kamiyo iko wapi?"

"Kamiyo?" Papa Asukulu aliacha kushona. "Kamiyo imeenda, Mama."

"Imeenda?"

"Ile saa. Hata vumbi yake haiyashuka bado."

Mama Mugisho alikaa chini pale alipokuwa, juu ya mchanga, bila kuchagua mahali. Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa kitenge. Mimi nilisimama na sufuria, na kichwa changu kikaanza kupanga, maana hakijui kufanya kitu kingine: tufuate lori, tupate gari lingine, twende kusini. Kusini ni wapi? Niligeuka huku, nikageuka kule. Sikujua kusini ni wapi.

Papa Asukulu naye alikuwa amechanganyikiwa kuliko sisi. Amekaa zake anashona, ametokea mwanamke asiyemjua, anamlilia lori. Akasogea, akainama kwa heshima.

"Pole, Mama. Ulikuwa na mizigo mu ile kamiyo?"

Akamwita mtu aliyekuwa nyuma ya nyumba alete maji. Akaja kijana mrefu, mabega mapana, masharubu ndiyo kwanza yanaanza, amebeba beseni na kikombe. Akachuchumaa, akampa Mama Mugisho kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa, akanawa uso.

"Aksanti, mwanangu," alimwambia. Halafu akamshika mkono. "We ulimuona mtoto mwenye alienda na kamiyo? Banamuita Mugisho. Alikuwa anaonekana na nguvu? Alikuwa na viatu?"

Yule kijana aliinua uso. Akanitazama mimi, akamtazama mzee.

"Mi njo Mugisho," alisema. Sauti yake ilikuwa nene, ya mwanaume.

Mama Mugisho aliuachia ule mkono. Akasimama. Alikuwa amekasirika, wajukuu zangu, alikasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Apana. Usinichezee. Mugisho yangu mi namujua. Mugisho yangu iko hivi."

Akainua mkono kuonyesha kimo. Mnajua kwetu mtu haonyeshwi kimo kwa kiganja kilicholala, hivyo ni kwa mbuzi. Mtu unamwonyesha kwa kiganja kilichosimama, vidole juu. Aliuweka mkono hivyo, pembeni ya kiuno chake, akaushikilia palepale, anamtazama yule kijana kwa ukali.

Kijana alisogeza beseni pembeni. Akapiga magoti mchangani, akasogea, akainama mpaka kichwa chake kikafika kimo kile, akaegemeza paji la uso kwenye kiganja cha mama yake.

"Nilikuwa hivi, Mama," alisema. "Njo nilikuwa hivi."

Mkono ulibaki ulipo. Kisha vidole vikaanza kutembea, polepole, kwenye nywele, kwenye masikio, nyuma ya shingo, na macho yake yako mbele kama anayesikiliza kitu cha mbali. Nililia, siwafichi. Papa Asukulu alichukua futi yake akajipangusia machozi. Ndipo alipoeleza, kwa kukatika katika, kwamba punde tu kabla hatujafika dereva alipiga honi sana, mizigo ya kijana ilikuwa imeshapakiwa, na kijana akaishusha. Alisema kama mama yake amepata neno atafika leo, na kama asipofika leo atamfuata mwenyewe. Mzee alikuwa tayari kutuambia yote hayo tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza. Tulimuuliza lori. Kwa hiyo ninyi mnaotoka, mkimtafuta mtu, ulizieni mtu.

Tulikula ile sombe, iliyobaki, sisi watatu kutoka kwenye sufuria moja. Mama Mugisho hakula. Alikuwa anamtazama anavyotafuna.

Baadaye Lilongwe niliijua vizuri. Nimepeleka watu ofisini Capital Hill, nimewapeleka hospitali, nimewapeleka Old Town kununua cherehani, na City Centre nimeizoea hata nikaanza kuipenda miti yake. Ukinifunga macho leo nitafika Kauma. Lakini watu wakiniuliza safari ipi niliipanga vizuri kuliko zote, kichwa changu kinazunguka tena, maana najua jibu ni ile tuliyopotea, na jibu lenyewe halina maana.

Tulirudi Dzaleka jua limeshazama, ruhusa imeisha, tulitoka wawili tumerudi watatu. Getini walitusema. Walisema tumevunja utaratibu, walisema watu kama sisi ndio wanaoharibia wengine, waliuliza huyu kijana ni nani na ameingiaje, na wakasema tena tangu mwanzo kwa sababu mkubwa wao alikuwa amefika. Mimi niliinamisha kichwa. Mama Mugisho alikuwa amemshika mwanawe mkono, anatabasamu mbele ya taa yao kama bibi harusi, na kila walipomkaripia aliwajibu kwa neno la Kichewa alilolijua, la kushukuru.

"Zikomo," aliwaambia. "Zikomo kwambiri. Zikomo."